Kura ya Sabato

Neno lililomkasirisha Eucabeth Auma kuliko yote ni "subiri". Alikuwa na kibanda cha kuchapa na kupiga picha za pasipoti pale Suna, mjini Migori, na siku nzima aliwasikiliza watu walioambiwa wasubiri: wasubiri kitambulisho, wasubiri cheti, wasubiri afisa aliyetoka kidogo. Mteja akisimulia masaibu yake, Eucabeth ndiye aliyekasirika kwa niaba yake, tena bila kumtoza. Mashine ya kopi ilikohoa pembeni, naye akafoka huku akikata picha kwa mkasi.

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo hawezi kukaa miaka saba akilea kikundi cha watu kwenye mtandao, tena wengi wao wazee wanaoandika sentensi moja kutwa nzima. Lakini alikaa. Kikundi chenyewe kiliitwa Dho Nam, yaani kando ya ziwa, ingawa Kerosi, mkulima wa mahindi kule Kegonga, hakuchoka kulalamika kwamba kwao hakuna ziwa hata la kunawa uso. Akaambiwa aache maneno aandike, akaandika. Kusema kweli aliandika vizuri kuliko wengi.

Dho Nam ilianzia kwenye ule mtandao mkubwa ambao kila mtu yumo. Watu wa Migori na Homa Bay waliweka humo habari za misiba, bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, picha za arusi, na mabishano ya nani alimfundisha nani katika shule gani. Kisha asubuhi moja kikundi hakikuwepo. Hawakupewa onyo, ila sentensi moja ya Kiingereza kwamba wamevunja taratibu. Taratibu zipi, hakuna aliyesema. Eucabeth aliandika kuuliza, akajibiwa na mashine kwamba asubiri. Mama mmoja wa Mbita, aliyekuwa ameweka humo picha pekee alizobaki nazo za marehemu mumewe, alifunga safari mpaka Suna, akakaa kwenye kiti cha wateja, akauliza kama Eucabeth anaweza kwenda kuongea na hao watu. Angeongea nao wapi? Hata nchi waliyoko hakuijua. Alimnunulia yule mama chai, na baada ya kumsindikiza akarudi kibandani akalia kwa hasira.

Hapo ndipo alipoisikia Nodari. Kijana wa chuo aliyekuja kuchapisha karatasi zake alimweleza kwamba ni mtandao wa kijamii kama mingine, ila umejengwa juu ya blokcheni. Kila neno linaloandikwa humo hunakiliwa papo hapo kwenye kompyuta za watu wengi duniani, kwa hiyo hakuna bosi wa kulifuta. Mambo makubwa huamuliwa kwa kura, na uzito wa kura ya mtu hutegemea sarafu za Nodari alizonazo, ambazo huzipata anapoandika kitu wenzake wakakipenda. Mengi katika hayo yalimpita Eucabeth kando. Alichoshika ni kwamba hakuna bosi.

"Hapa hakuna mwenye mlango," aliwaambia watu wa Dho Nam mmoja mmoja, kwa simu na kwa mdomo. "Hakuna mtu atatuamsha asubuhi tupate tumefukuzwa."

Walimwamini. Walikuja kibandani kwake kutoka Rongo, kutoka Kegonga, hata kutoka ng'ambo ya Homa Bay, akawafungulia chumba chao humo Nodari na kumwandikisha kila mmoja. Kila aliyeandikishwa alipewa ufunguo wake, msururu mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote. Ukiupoteza umepotea, hakuna ofisi ya kukupa mwingine. Wazee waliutazama ule msururu kwenye kioo, wakamtazama Eucabeth, wakafanya kile ambacho watu wa huku hufanya na hati ya shamba au vyeti vya watoto: waliuacha kwa mtu wanayemwamini, mwenye mahali pa kufungia. Eucabeth alizihifadhi zote kwenye kompyuta yake. Mtandao usio na mwenye mlango, na funguo zake zote ziko Suna kwa mtu mmoja. Hakuna aliyeona ajabu, na yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kuiona.

Ukaja msimu wa sarafu. Bei yake ilipanda ghafla, na chumba kikajaa vijana ambao hawakujua ziwa wala nchi kavu, wakimsifu kila aliyeandika bila kusoma alichoandika. Vijana hao walimchosha Eucabeth. Bei ilipoanguka waliondoka wote, kama watu wa msibani wakisikia chakula kimeisha, na hakuna aliyeaga. Waliobaki ni wale wale wa mwanzo. Kerosi aliandika juu ya mipaka ya mashamba na ng'ombe waliovuka bila ruhusa. Jedidah, aliyeuza vitambaa duka la pili kutoka kibandani, aliandika habari za wanaume kwa namna iliyowafanya wanaume wenyewe wacheke. Na Mwalimu Zadock aliandika juu ya shule alizofundisha.

Huyu Zadock alikuwa amestaafu, anakaa nje kidogo ya mji wa Homa Bay, na ni mzee wa kanisa la Waadventista. Aliandika taratibu na kwa unyoofu, habari za watoto waliokuja darasani na samaki mfukoni, na watu wa nchi za mbali walimsoma na kumpigia makofi mpaka sarafu zikamjaa. Wengine waliziuza zao wakati wa bei nzuri. Wanawe walimsihi naye auze. Aliwaambia kwamba hajui kitu hicho ni nini, na asichokijua hakiuzi. Ndivyo ilivyotokea kwamba kura ya mzee mmoja asiyejua sarafu ni nini ilikuwa nzito kuliko kura za Dho Nam nzima zikijumlishwa.

Mwaka huu wakatokea matajiri fulani wa mbali, wakanunua sarafu za Nodari kwa wingi, kisha wakaleta pendekezo. Lilikuwa limeandikwa vizuri sana. Neno "mustakabali" lilikuwa katika kila aya. Mustakabali wa Nodari, walisema, ni biashara kubwa na michezo, na vyumba vidogo vinapunguza kasi. Kwa hiyo vyumba vyote vidogo vifungwe. Yaliyoandikwa yatabaki, maana hayafutiki, lakini hakuna atakayeongeza neno.

Eucabeth alisoma mara moja akaelewa. Wangesakafiwa vizuri kama kaburi. Maandishi angeweza kuyapakua yote akayaweka kwenye kompyuta yake, lakini watu hawapakuliki. Wazee wale alikuwa amewahamisha mara moja kwa kuwapa neno lake. Hawangehama mara ya pili, na asingekuwa na uso wa kuwaambia wahame. Alipiga hesabu na wenye vyumba wengine, watu wa visiwani na watu wa milimani katika nchi za mbali, wote wadogo kama yeye. Wakipiga kura wote, na Zadock akiwemo, wanashinda kwa upana wa uzi. Bila Zadock wamekwisha.

Kisha akaangalia siku ya kura. Kura ingefunguliwa Ijumaa usiku na kufungwa Jumamosi jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa. Mwanzo mpaka mwisho ilikuwa ndani ya Sabato.

Hakuna aliyekusudia. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Wangekuwa wamefanya kusudi, angalau angekuwa na mtu wa kumchukia. Aliwaandikia kuwaeleza kwamba kuna watu ambao kuanzia Ijumaa jua likizama hawafanyi kazi, hawauzi, hawanunui, na simu zao wamezifungia sandukuni. Akajibiwa kwa ukunjufu kwamba mtandao haulali, kwa hiyo kila mtu achague saa inayomfaa. Mwishoni mwa jibu waliweka katuni ya uso unaotabasamu. Eucabeth alimwonyesha Jedidah, ambaye naye ni Mwadventista, na Jedidah akacheka mpaka akashika ukuta. Eucabeth hakucheka.

Alimpigia Zadock simu siku ya Alhamisi. Kulikuwa na njia nyingine: mzee angeweza kumkabidhi kura yake kabla ya Sabato kuingia, Eucabeth akaipiga yeye Jumamosi. Yeye ni Mkatoliki, amezaliwa Asumbi karibu na misheni, siku yake ni Jumapili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza wanafunzi maisha yake yote, kisha akamwambia kwa upole kwamba kumtuma mtu akufanyie kazi siku ya Sabato ni kuifanya mwenyewe. Amri haikuacha mlango wa nyuma. Akaongeza kwamba anaamini Mungu atalinda chumba. Eucabeth alitaka kumwambia kwamba Mungu hana sarafu za Nodari, akauma ulimi.

Jumamosi hakufungua kibanda. Aliondoka Migori asubuhi akaenda Homa Bay, akamkuta Zadock nje ya kanisa baada ya ibada. Watu walikuwa wameketi kwenye nyasi na familia zao, wakila chakula kilichopikwa Ijumaa, wali na maharagwe, samaki waliokaangwa jana. Walimkaribisha, wakampa sahani, akala kwa sababu hapakuwa na namna ya kukataa. Zadock alikuwa na suti ya kijivu na furaha ya mtu asiyedaiwa na siku. Eucabeth alipoanza kusema juu ya kura, mzee aliinua mkono kidogo.

"Min Oliver," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "hayo tutaongea jua likishazama. Kwa sasa kula."

"Likishazama itakuwa imefungwa, Mwalimu."

"Basi itakuwa imefungwa."

Alisema hivyo bila ukali wowote. Eucabeth aliweka sahani chini. Aliona wazi kwamba mzee huyu hashindani naye, na hapo hasira ikamzidi, kwa kuwa mtu asiyeshindana huna pa kumshika. Akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ufunguo wake anao, uko hata kwenye simu hii hapa, na kwamba angeweza kupiga kura hiyo yeye mwenyewe bila kumsumbua.

Zadock alimtazama.

"Unaweza," alisema. "Lakini jina ni langu. Na wewe ndiye ulituambia kitu ya huko haifutiki."

Kisha akamuuliza hali ya watoto.

Eucabeth aliaga akatembea mpaka karibu na gati, akaingia kwenye hoteli ndogo, akaagiza soda asiyoinywa. Kwenye simu alitazama hesabu ya kura. Watu wa milimani walikuwa wamepiga. Watu wa visiwani walikuwa wamepiga. Kerosi alikuwa amepiga mapema na kuandika chumbani kwamba sisi wa nchi kavu tumemaliza yetu, watu wa ziwa mko wapi? Watu wa ziwa walikuwa kanisani. Upande wa matajiri ulikuwa juu, si kwa mengi.

Alikaa hapo akiwaka. Aliwakasirikia matajiri, na ule uso unaotabasamu, na Sabato, na jua ambalo halikuwa na haraka. Alimkasirikia Zadock kwa amani yake. Alifikiri habari ya yule mama wa Mbita, jinsi alivyouliza kama anaweza kwenda kuongea na hao watu. Alifikiri kwamba akiacha chumba kifungwe na ufunguo uko mkononi, atakuwa amekifunga yeye. Akaufungua ukurasa, akauweka ule msururu wa herufi, akapiga kura ya Zadock.

Hesabu iligeuka mara moja. Jua lilipokaribia maji, kura ikafungwa, na vyumba vidogo vikabaki. Eucabeth alihisi furaha kwa muda wa kulipa soda. Alipoangalia tena, kioo kilikuwa kimejaa jina la Zadock.

Hakuwa amelifikiria hilo. Katika Nodari kila kura huonyeshwa kwa jina, siku na saa, na kura iliyogeuza mambo ilikuwa moja. Watu wa visiwani walikuwa wakimshukuru Mwalimu Zadock wa Kenya. Mwingine alikuwa amechora picha yake akiwa amesimama mlangoni na fimbo. Wakatafsiri hadithi zake, wakazisambaza, wakaandika kwamba mzee huyu aliacha shughuli zake Jumamosi mchana akaokoa wanyonge. Kila shukrani ilibeba siku na saa. Nayo haifutiki.

Simu ikalia giza lilipoingia.

"Min Oliver," alisema Zadock, "nimefungua simu nimepata watu wananishukuru."

Eucabeth alianza kueleza. Mzee hakumkatiza, na alipomaliza akamtakia safari njema.

Jumatatu habari zilikuwa zimefika kanisani, kupitia kwa vijana waliojivunia mzee wao kusifiwa duniani. Wazee wenzake walimwita. Eucabeth alipoambiwa na Jedidah, alimpigia Zadock simu kumwambia kwamba ataandika ukweli chumbani leo leo, kila mtu ajue ni yeye.

"Ukiandika hivyo," Zadock alisema, "hiyo kura itahesabiwa tena?"

Wote wawili walijua. Kura iliyopigwa na mtu asiye mwenyewe ingebatilishwa, na matajiri walikuwa wakitafuta sababu. Chumba kingefungwa, na vyumba vya watu wengine pamoja nacho.

"Basi acha," alisema mzee.

Aliwaambia wazee wa kanisa kwamba jina lililoko pale ni lake na hana la kuongeza. Walimpumzisha uzee wa kanisa na kufundisha somo la Sabato, mpaka watakapoona vinginevyo. Siku ya Sabato aliketi kiti cha nyuma karibu na mlango, na suti yake ile ile. Eucabeth aliyasikia hayo kwa Jedidah, aliyemsimulia bila kucheka, akimtazama mkono wake wenye mkasi.

Kwa siku chache Eucabeth aliandika chumbani kwa bidii. Aliweka habari za mvua, bei ya omena, maswali ya kuchokoza watu. Kerosi alijibu peke yake. Hakujua lolote, aliwapongeza watu wa ziwa kwa kuamka hatimaye, na kila neno lake la furaha lilimchoma Eucabeth. Wengine walisoma wakapita. Aliwaona wakisoma. Alikasirika tena, akijiuliza ni chumba gani hiki alichokiokoa, na ni nani aliyewaambia wanyamaze. Hakuna aliyewaambia. Walikuwa watu wazima, walijua funguo zao ziko wapi.

Zadock alikuja Suna mwenyewe, siku ya kazi, mchana. Alisalimia, akauliza habari za nyumbani, akakaa kwenye kiti cha wateja na kofia magotini. Alisema amesikia kwamba ufunguo unaweza kubadilishwa, mtu akatengeneza mwingine akauandika mwenyewe mahali pake. Eucabeth alisema ndiyo, inawezekana. Akamfungulia ukurasa, akamwonyesha pa kubonyeza, akasimama nyuma yake kama alivyozoea kuwasimamia wateja.

Mzee hakubonyeza. Alisubiri kidogo, kisha akamwomba, kwa heshima ile ile ya siku zote, atazame nje.

Eucabeth alitazama nje. Barabarani mtu alikuwa akipakia magunia kwenye mkokoteni. Nyuma yake alisikia vidole viwili vikitafuta herufi moja moja, vikikosea, vikirudia. Ilichukua muda mrefu. Mzee alipomaliza alimshukuru kwa Kijaluo, ero kamano, akavaa kofia, akaenda zake.

Baada yake walikuja wengine, wa Rongo, wa Mbita, wa Homa Bay, kila mmoja na kisingizio chake cha kuja mjini. Hakuna aliyemgombeza. Waliuliza watoto, wakakaa kitini, wakaomba kitu kile kile. Alizoea kusimama akiwapa mgongo.

Jedidah alikuja wa mwisho, jioni, akitoka tu kufunga duka lake. Walikuwa wamekula pamoja mchana. Alivuta kiti akakaa, akaweka pochi yake mezani karibu na ya Eucabeth, na Eucabeth akamfungulia ukurasa wa kubadilisha ufunguo.

"Lakini hapa ni wewe na mimi," Eucabeth alisema.

"Najua," Jedidah alisema, akamwita binti wa Asumbi kwa Kijaluo. "Geuka, nyar Asumbi."

Akageuka.